Kachumbari Ndani ya Mini Cooper

Bodi ilifika Jumamosi mchana, angavu kama maji ya kisima, na mke wangu, ambaye siku hiyo alikuwa na wageni kutoka Tanga, akaitia kachumbari.

Simlaumu. Bodi ya gari dogo la rimoti, kabla haijakatwa, ni sinia la plastiki lisilo na tundu hata moja. Ukiipindua, paa linakuwa kitako, boneti inakuwa kibaraza cha kupangia vipande vya ndimu, na kingo zake zimekunjwa kwa nje kana kwamba aliyeibuni alijua itabebwa kwa mikono miwili kutoka jikoni. Nilipoingia sebuleni nilimkuta shemeji yangu anachota nyanya na vitunguu pale ambapo, kwa mipango yangu, angekaa dereva. Nikasimama mlangoni kama mtu aliyefika msibani bila kuambiwa nani amefariki.

"Karibu chakula, baba watoto," mke wangu akasema. "Hiki chombo umekitoa wapi? Kizuri."

Kumwambia mbele ya wageni kwamba chombo kile ni Mini Cooper, kwamba kimetoka Japani, na kwamba fedha yake ingenunua mbuzi, kulihitaji ujasiri ambao sikuwa nao. Nikanawa, nikakaa, nikala. Ilikuwa na pilipili nyingi.

Inabidi nijieleze. Mimi ni mhasibu wa miaka 47, nina watoto watatu na kipara kinachoanza. Kila Jumapili asubuhi, mimi na wanaume wengine sita wa umri wa kujiheshimu tunakutana kwenye uwanja wa mpira wa kikapu hapa Dar es Salaam, tunatandaza mipira ya kumwagilia bustani iwe kingo za barabara, kisha tunashindanisha magari ambayo urefu wake ni wa rula ya shuleni. Nyumbani tunaaga kwamba tunakwenda mazoezini. Si uongo. Kuinama mara arobaini kuokota gari lililopinduka ni mazoezi, muulize mgongo wangu.

Na si kwamba haya mambo yamenianza ukubwani. Nilipokuwa na miaka minane bodi ya gari ilikuwa dumu la mafuta ya kula lililolazwa ubavu, likakatwa madirisha kwa wembe. Magurudumu yalitoka kwenye kandambili, kwa kawaida za mtu mwingine, na ndiyo maana mbio zetu nyingi zilianza kabla hata gari halijakamilika. Rangi hatukuwa nayo. Gari lilikuwa na rangi ya mafuta yaliyonunuliwa mwezi ule.

Mini nayo ina historia na mimi. Mwalimu wetu mkuu alikuwa na moja, ya kijani, isiyowaka mpaka darasa la sita zima litoke kuisukuma. Tulikuwa tunaisukuma kwa mapenzi kwa sababu lilikuwa gari la kimo chetu: magurudumu ya inchi 10, urefu mita tatu na kidogo, injini imelazwa kwa upana ili watu wanne wapate mahali pa kuweka miguu. Aliyeibuni, Alec Issigonis, aliitoa mwaka 1959, na miaka mitano baadaye kijigari hicho kikaenda Monte Carlo kwenye mbio za theluji na milima, kikawaangusha wakubwa. Dereva alikuwa Paddy Hopkirk, msoma ramani Henry Liddon. Gari jekundu, paa jeupe, namba 37 milangoni. Picha yake ninayo kwenye simu, imekaa kati ya picha za watoto, na mke wangu anasema naitazama zaidi.

Basi nilikuwa nayo chasisi, M-05 ya Tamiya, aina iliyotoka mwaka 2009, mota mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, kama Mini yenyewe. Kilichobaki kilikuwa kuivalisha. Nyekundu, paa jeupe, namba 37. Mtoto angeweza.

Tatizo ni kwamba magari haya hupakwa rangi ndani.

Plastiki yake ni polikaboneti. Mwaka 1953 ilipatikana kwenye maabara mbili zisizojuana: ya Hermann Schnell wa Bayer kule Ujerumani, na ya Daniel Fox wa General Electric kule Marekani, ambao waliipa jina la Lexan, na wapenzi wa rimoti wanalitaja hivyo hadi leo. Ndiyo inayotengeneza CD, na ndiyo ya madumu mengi ya maji yale yanayopinduliwa maofisini. Ukiigonga inanepa, halafu inarudi. Kwa kuwa nje ndiko kwenye ukuta, mchanga na magari ya wenzako, rangi inawekwa upande wa ndani ili plastiki yenyewe iwe ngao yake. Hapo hakuna ubishi, ni akili. Lakini ukishahamia ndani, mambo yote yanageuka. Rangi ya kwanza ndiyo inayoonekana juu, ya mwisho haionwi na mtu. Urembo unatangulia, ukuta unafuata. Ni sawa na kujenga nyumba kwa kuanza na picha za ukutani. Na mimi ni mtu ambaye nikivaa fulana gizani, lebo inakaa mbele.

Kuna rangi maalumu za kazi hii. Za Tamiya zimeandikwa PS kwenye kopo, na sifa yake kubwa ni kwamba zinanepa pamoja na plastiki. Nikamwagiza binamu yangu anayefanya kazi Dubai aniletee makopo matatu, na mkasi wa ncha zilizopinda wa kukatia matao ya magurudumu. Makopo ya rangi ya kupuliza hayapandi ndege na abiria, kwa sababu yanashika moto. Mimi sikulijua hilo. Binamu alilijua mbele ya foleni, begi likiwa wazi, afisa anamuuliza kwa upole msafiri anayekwenda kumwona mama yake anahitaji rangi tatu na mkasi uliopinda kwa ajili gani. Akafika na tende. Nilizila kwa huzuni, ingawa zilikuwa nzuri.

Hapo ndipo nikamkumbuka fundi rangi wa gereji ya mtaani kwetu.

Huyu ni mtu mwenye jina lake. Nimeona kwa macho yangu Hiace iliyoingia kwake imekunjwa kama bahasha ikatoka inang'aa, konda anajitazama kwenye ubavu wake na kuchana nywele. Nikasema, aliyeweza Hiace atashindwa na hiki? Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akachungulia kwa chini.

"Bosi, gari yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

Akaitazama tena kwa masikitiko. "Ilipata ajali?"

Nikamweleza kwa kituo. Rangi ndani, si nje. Madirisha yafunikwe. Namba ianze, nyekundu ifuate. Akatikisa kichwa muda wote na mwisho akasema, "Nimekuelewa, mkuu." Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba fundi akisema "nimekuelewa" hazungumzii kuelewa, anakuaga. Lakini upande wa pili wa barabara palikuwa na chai ya maziwa na chapati zinatoka motoni, nami sikuwa nimekula.

Dakika 20. Siyo zaidi. Niliporudi alikuwa amefanya kila ambacho fundi mwaminifu hufanya kwa gari la kweli. Alikuwa ameipiga msasa nje, ili rangi ishike. Akaifuta yote kwa tina, ili mafuta yatoke. Sasa, polikaboneti na tina haviishi nyumba moja: plastiki inapata ukungu, halafu inatoa vinyufa vidogo vidogo, kama kisigino cha mkulima. Vilikuwa vimeshaanza kwenye boneti. Kisha, kwa kuwa nilisisitiza ndani, alikuwa amepuliza praima nyeupe ndani yote, madirisha yakiwemo.

"Hii sasa, bosi, haitoki mpaka kiama."

Alisema kweli. Juu ya praima ile ungepaka nyekundu, kijani au dhahabu ya Mfalme Suleimani, gari lingebaki jeupe, kwa sababu nyeupe ndiyo iliyotangulia. Lakini kilichonimaliza ni bakshishi. Alikuwa ameniongezea, bure, kwa ukarimu wake, mistari miwili ya bluu kwa ndani, myembamba, imenyooka kama uzi, mikono isiyotetemeka kabisa. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kuona pale gerejini, na duniani kote ingeonwa na betri peke yake.

Nikamlipa. Ningefanyaje? Mistari ilikuwa mizuri.

Bodi hiyo mke wangu aliiomba. Kachumbari haifai tena, inavuja kwenye vinyufa, lakini vitunguu vinakaa vizuri.

Ya pili ilifika katikati ya Aprili, na kabla haijavuka kizingiti niliandika juu ya boksi kwa kalamu nene: MAGARI SI CHAKULA. Nikaamua nitaifanya mwenyewe, barazani, bila mtaalamu. Maelekezo yanasema uanze kwa kuiosha ndani kwa sabuni ya vyombo, kuondoa mafuta ya mikono. Nikaiosha, nikifikiria kwamba ile ya kwanza mke wangu alikuwa ameiosha vizuri sana, mara mbili. Nikabandika vile vibandiko vya kufunika madirisha. Nikaenda dukani kwa tepu ya kufunikia, ile ambayo muuzaji aliiita "maskini tepu" na, baada ya kunitajia bei, nikaona jina limekaa pale pale. Rangi za PS hakuwa nazo. Alikuwa na kopo la rangi ya magari.

"Inashika plastiki?"

"Inashika chochote, mzee."

Mtu mwingine angekumbuka gereji. Mimi niliuliza kama ipo na nyeupe.

Nikaanza na milango. Namba 37, na chini yake jina la gari. Wenzangu wote wana majina, kama daladala: kuna Subira, kuna Mkeka wa Shangazi, kuna moja inaitwa Dawa ya Deni na mwenyewe anadaiwa na sisi wote. Mimi nilichagua TULIA, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakosa. Nilichonga herufi kwenye tepu kwa wembe, usiku mbili, nikiwa nimevaa miwani ya mke wangu juu ya yangu. Nikapuliza nyeusi. Nikaondoa tepu. Nikatazama kwa ndani: 37, TULIA, kila herufi imesimama. Nikamwita mwanangu wa darasa la sita aje aone baba yake alivyo na mkono.

Akaishika kwa nje, kama watu wote wenye akili.

"Baba, Ailuti ni nini?"

Nikaigeuza. Namba ilikuwa imekuwa 73, na hata 73 yenyewe imetazama nyuma, kama askari wawili waliokosea amri. AILUT. Herufi L imeweka mguu upande usio wake.

Jirani yetu Maalim, anayefundisha watoto madrasa, alikuwa amepita kuomba ngazi. Akaichukua, akaitazama kwa makini kutoka kulia kwenda kushoto, na kusema, "Mbona sioni kosa? Imeandikwa Tulia." Akacheka mpaka ngazi akaisahau. Kisha akaongeza kwamba, hata hivyo, Ailuti ni jina zuri, linafanana na dawa ya minyoo.

Usiku ule nilikaa na vijiti vya meno nikaikwangua ile nyeusi, herufi baada ya herufi. Ilibanduka kwa urahisi sana. Ilibanduka kwa urahisi ambao, kwa mtu mwenye kufikiri, ungetia shaka. Mimi nilimshukuru Mungu.

Kesho yake Maalim alirudi kwa ajili ya ngazi na akabaki saa mbili, maana sasa lilikuwa limeshakuwa suala la kielimu. Tuliketi watatu, mimi, yeye na mwanangu, na kioo cha mkono cha mke wangu, tukitafuta herufi zisizobadilika zikitazamwa kiooni. A ipo. H, I, M, O, T, U, V, W, Y. Baada ya hapo tukatafuta neno ambalo sio tu lina herufi hizo, bali pia linasomeka vile vile ukianzia mwisho. Tukapata AMA, ambalo Maalim alisema ni neno la mtu asiye na uamuzi. Tukapata AHA. Halafu mtoto akaandika UTU, akaweka kioo, ikarudi UTU.

Tulinyamaza kidogo. Ilikuwa kama tumepata kitu.

Namba 37 nikaachana nayo, nikachukua 8, ambayo haina mbele wala nyuma. Nilipomaliza kuchonga yote upya, kupuliza, na kuona UTU imesimama sawasawa pande zote mbili, mwanangu akauliza, kwa adabu, kwa nini hatukuandika kwenye stika tu tukabandika nje. Nikamwambia akafanye hesabu.

Likaja paa, jeupe. Ikaja nyekundu, na pamoja nayo ikaja mvua. Kupuliza rangi Dar es Salaam wakati wa masika ni kujitafutia. Kimiminika cha rangi kinapopaa kwa kasi kinaupoza uso wa plastiki, unyevu wa hewa unatua juu yake kama unavyotua kwenye chupa ya soda ya baridi, na rangi inashika ukungu wa maziwa. Nyekundu ya Monte Carlo ikafifia mbele ya macho yangu, dakika kwa dakika, mpaka ikawa rangi ya ubuyu uliokaa mdomoni. Mke wangu alipita na beseni la nguo akasema ni rangi tamu. Alimaanisha hivyo hivyo.

Ndipo nilipokumbuka matundu.

Bodi inakaa juu ya vijiti vinavyosimama kutoka kwenye chasisi. Vijiti vinapenya kwenye matundu, juu unachomeka pini. Uzuri wa bodi angavu ni kwamba unaiweka juu ya chasisi, unaona vijiti vilipo, unatia alama, unatoboa. Lazima ufanye hivyo kabla ya kupaka rangi, na mimi nilikuwa nimeshapaka. Sasa nilikuwa nabahatisha kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya ugenini. Kifaa cha kutobolea sikuwa nacho, nikatumia msumari uliochomwa kwenye jiko la mkaa, kama tulivyokuwa tunatoboa madumu utotoni. Dumu linakubali msumari wa moto. Polikaboneti inatoa povu na kuvimba midomo. Mpaka vijiti vyote vinaingia, paa na boneti vilikuwa na matundu tisa, na Mini Cooper imefanana na filimbi.

Kwa kukata kingo nilitumia mkasi wa kucha wa mke wangu. Umepinda, ni ule ule aliokosa kuuleta binamu, bei rahisi zaidi kwa kuwa sikuuomba. Ulifanya kazi vizuri mpaka kwenye tao la gurudumu la pili la nyuma, ukavunjika ncha. Nikauweka mahali ambapo nilipanga kupakumbuka.

Kwa nini nilikuwa nakata tao la nyuma? Kwa sababu gurudumu halikukaa. Niliiweka bodi juu ya chasisi, mbele kukawa sawa, na nyuma gurudumu likatokea kule kwenye bampa. Nikapima. Bodi ya Mini inataka milimita 210 kutoka ekseli hadi ekseli. Chasisi yangu ilikuwa na 239. Tofauti ya milimita 29. Kwenye gari la ukubwa huu ni sawa na gari la kweli kuchomoza mguu nje. Mhasibu akiona tofauti huirekebisha kwenye vitabu. Nikayakata matao yote mawili kwa nyuma, milimita 29 kila upande, kwa mkasi wa kucha, kwa uvumilivu, ulimi ukiwa nje.

Mwanangu alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza na kile kijitabu cha maelekezo ambacho mimi nilikuwa nimekitumia kuwekea chupa ya rangi isichafue sakafu.

"Baba, imeandikwa hii chasisi ina urefu tatu. 210, 225 na 239. Unafungua skrubu, unapanga upya vipande vya nyuma."

Nilimuuliza ukurasa wa ngapi, kana kwamba ukurasa ungesaidia.

Tukafungua skrubu. Chasisi ikawa fupi, gurudumu likasogea mahali pake, likakaa kwenye tao lilivyopaswa kukaa tangu mwanzo. Nyuma yake likabaki tundu la kupitisha andazi, kila upande. Na katika kufungua na kufunga, kile kipande kinachobana betri kikapotea. Nilikitafuta kote barazani. Usiku, watu wamelala, nikaona kwenye meza ya vipodozi kitu kilicholingana nacho kwa urefu na nguvu: kibanio cha nywele cha rangi ya dhahabu. Kikabana betri kama kimezaliwa kwa kazi hiyo.

Siku ya Alhamisi mke wangu alikitafuta kwa ajili ya harusi ya Ijumaa. Alipindua makochi. Nilisaidia kutafuta.

Jumapili alikuja uwanjani kwa mara ya kwanza, na chupa ya chai na vitumbua, aone haya mazoezi yanafananaje. Mkaguzi wetu ni mzee mstaafu wa forodha. Barua ya kustaafu ilifika, lakini macho hayakuipokea. Akaliinua gari langu usawa wa pua.

"Hili tundu?"

"La kutolea hewa, mzee."

"Hewa ya nini?"

Nikamkumbusha kwamba mwaka 1966 kule Monte Carlo Mini zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, zikafutwa zote kwa kosa la taa, ushindi akapewa Citroën, na watu wanalalamika mpaka leo. Nilidhani nimemfunga. Akasema, "Kwa hiyo unakubali kwamba gari linaweza kufutwa kwa jambo dogo kama taa. Na wewe una shimo." Aliniruhusu kwa sababu ya vitumbua.

Mbio ni dakika tano. Kijana mmoja wa mpira wa kikapu, ambaye timu yake ilikuwa inasubiri uwanja, alikuwa na spika ya mkononi, akajiteua mtangazaji. Hakujua magari, lakini alijua kusoma milango.

Gari la kuvutwa mbele ukiliingiza kwenye kona kwa kasi halipindi. Linakwenda mbele na kukuachia lawama. Kona ya kwanza nililiingiza kwa kasi.

"Utu amemgonga Subira!" spika ikalia. "Utu amempindua Subira! Jamani! Utu anarudi nyuma kumwangalia, ana huruma... hapana, Utu amepita juu yake!"

Watu walianza kusogea kutoka barabarani. Muuza kahawa aliweka birika chini. Nilijaribu kupunguza mwendo, nikamkuta Mkeka wa Shangazi kwenye kona ya tatu, na huko nako Utu hakuonyesha utu. Lakini mimi sikuwa natazama tena. Nilikuwa natazama kitu chekundu kilichobaki pale tulipogongana.

Kipande cha rangi. Kikubwa kama ukucha. Halafu kingine. Rangi ya kawaida haina mazoea ya kunepa. Plastiki ilipojikunja na kurudi, rangi ilikataa kurudi. Kila mgongano ilikuwa inamwagika, kama samaki anayeparwa magamba, ikipukutika kwenye magurudumu na kutoka kwa yale matundu mawili ya andazi, ambayo hatimaye yalipata kazi. Dakika ya tatu paa lilikuwa limekwenda. Mlango wa kushoto ulibaki na T peke yake. Mwanangu alikuwa anakimbia nyuma ya gari anaokota vipande, anavitia mfukoni, kana kwamba tutavirudisha.

"Na sasa," spika ikasema, "kuna gari jipya uwanjani. Halina rangi, halina jina. Limetokea wapi?"

Hapo ndipo nilipolipoteza. Nawaapia, nimesimama na rimoti mkononi, nageuza usukani kulia na kushoto, na sioni ninachoendesha. Juu ya sakafu ya kijivu plastiki angavu haina umbo. Nilikuwa nafuata betri. Nilimaliza wa sita kati ya saba, na wa saba alikuwa Subira, ambaye magurudumu yake bado yalikuwa yanaangalia mbinguni.

Nilikwenda kuliokota. Lilikuwa limerudi kama lilivyotoka Japani, safi, limeng'aa, unaona nyaya zote, mota, skrubu, mavumbi. Mke wangu alikuwa ameshafika na kikombe changu cha chai. Akainama, akalitazama kwa ukarimu, kwa kuwa alitaka kusema neno zuri.

Akaendelea kuinama. Akasogeza uso karibu na paa.

"Kumbe kibanio changu kiko humu."

Nikanywa chai.

"Na mkasi?"